Wanja wa Siku ya Sita

Tuseme ukweli tangu mwanzo: Nirjala hakuanza kuona wivu siku mtoto wa Ranju alipozaliwa. Alianza siku mbili kabla, pale mama mkwe wake alipofunguliwa bandeji.

Kwa miaka mitatu Dukhani alikuwa kipofu. Jicho la kushoto lilikufa zamani, alipochomwa na bua la mpunga wakati wa mavuno, na la kulia likafunikwa na mtoto wa jicho polepole mpaka akawa hatofautishi mtu na nguzo ya nyumba. Miaka yote hiyo aliyemshika mkono ni Nirjala, mke wa mwanawe mkubwa. Alimpeleka bombani, hekaluni, chooni, matangani. Alimwambia nani anapita njiani na amevaa sari gani. Nirjala alikuwa na miaka kumi na miwili ya ndoa bila mtoto, na katika nyumba kama ile mwanamke wa namna hiyo huhesabiwa pamoja na vyombo. Ule mkono wa mama mkwe kwenye kifundo cha mkono wake ulikuwa cheo, naye alijua kuwa ni cheo.

Kisha wakampeleka mjini, hospitali ya macho, akatolewa mtoto wa jicho. Asubuhi yake nesi akamfungua bandeji. Dukhani akapepesa, akamtazama mkwewe kwa muda mrefu, uso hadi miguu.

"Kumbe umeota mvi," alisema.

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka. Nirjala naye akacheka, kwa sababu angefanya nini.

Siku mbili baadaye Ranju, mke wa mwana mdogo, akajifungua mtoto wa kiume. Dukhani alivuka ua peke yake. Hakumwita mtu, hakupapasa ukuta. Akainamia kile kitoto, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, "Pua ya babu yake. Nimeiona mwenyewe, sijaambiwa na mtu." Nirjala alikuwa amesimama nyuma yake, mkono ameunyoosha tayari, na haukuwa na wa kuushika.

Kilichombakia ni matone. Nesi alimfundisha yeye, maana ndiye aliyekwenda hospitali. Mara sita kwa siku. Nawa kwa sabuni, mpaka chini ya kucha. Ncha ya chupa isiguse jicho wala kope. Maji yasimwagikie usoni. Na kisicho dawa kisiingie humo kwa mwezi mzima, iwe maji ya mto mtakatifu, iwe maziwa ya mzazi, iwe wanja, kwa sababu jicho limepasuliwa na mlango wake haujafunga. Nirjala aliyashika maneno hayo yote kwa kichwa. Mara sita kwa siku Dukhani alilala chali kwenye kitanda cha kamba na kuita, "Nirjala, saa imefika?" Naye alikuja akitembea taratibu, mikono yake ikinuka sabuni, na Ranju na mtoto wake wakiwa si kitu kwa dakika mbili hivi.

*

Siku ya sita ya mtoto, Tetari alishuka kwenye bajaji na fungu la ndizi, bakuli la samli na mdomo wake. Ni binti wa pekee wa Dukhani, kaolewa kijiji cha pili. Huku kwetu dada wa baba ndiye hutengeneza wanja wa siku ya sita na kumtia mtoto machoni, na hatii bure. Ana haki ya kudai, na watu wana haki ya kumcheka akidai.

"Leo kidole hiki hakinyanyuki mpaka nione bangili za fedha," alisema akijibwaga kwenye mkeka. "Tena nzito. Kaka yangu yuko Katari, anachota pesa kwa koleo."

"Koleo analo kweli, wifi," Ranju alijibu kutoka kitandani, "ila ni la kuchanganyia zege."

Wanawake wa jirani wakaangua kicheko. Hata Dukhani alicheka, na alikuwa amezitoa bangili kwenye sanduku tangu jana, jozi nzima, amezifunga kwenye kitambaa chekundu. Nirjala aliziona. Yeye alipoingia nyumba ile alipewa moja, tena nyembamba.

"Wifi mkubwa," Tetari akaita, "kikebe cha wanja kiko wapi? Au kimeshasahau kazi yake?"

Kilikuwa kikebe cha shaba, kadiri ya ngumi, cha mama mkwe wa Dukhani. Watoto wote wa nyumba ile walitiwa wanja kutoka humo. Nirjala alikitunza juu ya boriti, kimeviringishwa kitambaa. Miaka tisa ya mwanzo alikishusha kila mwaka kabla ya sikukuu ya taa, akakisugua kwa majivu na ndimu mpaka kikang'aa, akakirudisha, kisije kikahitajika kikiwa kichafu. Mwaka wa kumi hakukishusha.

Sasa alikishusha, akakifungua jikoni. Chini kulikuwa na masalia ya wanja wa zamani, na juu yake manyoya ya kijivu kama ya chapati iliyosahauliwa. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye majivu. Hapo ndipo aliposikia Tetari akisema huko nje, "Mleteni mfalme wangu nimwone," na Dukhani akidakia, "Mlete huku kwenye mwanga, na mimi nimwone." Nirjala akauacha mkono njiani. Alikipangusa kikebe kwa upindo wa sari, mara moja tu, akakipeleka. Kama ni kichafu si changu, alijiambia.

Tetari akawasha utambi ndani ya samli, akakusanya masizi kwenye kijiko, akayakorogea na samli nyingine ndani ya kikebe. Mtoto alitiwa, akalia, wakamsifu kwa kulia. Kitambaa chekundu kikafunguliwa, bangili zikapita kwenye mikono ya wanawake wote zikipimwa uzito. Shughuli ilikuwa imekwisha, watu wanasubiri mchele wa kupondwa na mtindi, pale Dukhani aliposema kwa aibu kidogo, "Na mimi nitie. Miaka mitatu sijajiona."

Ana mume hai, si mjane wa kukatazwa mapambo, wanja ni haki yake, na hakuna aliyeona ajabu.

"Tena wewe ndiye hasa, Mama," Tetari alisema. "Jicho jipya hilo. Na humu ndani hatukosi watu wa kijicho."

Alilisema bila kumtazama mtu, na kila mtu akajua ni nani asiyetazamwa. Mwanamke mmoja akakohoa. Nirjala alikuwa mlangoni na sinia la mtindi mikononi. Sentensi aliyohitaji kuisema ilikuwa fupi, alikuwa nayo mdomoni kama alivyoipokea kwa nesi. Sitasema alisahau, maana hakusahau. Aliwaza: wana macho yao, wana mtoto wao, wana wanja wao. Watie.

Tetari akaivuta kope ya chini, akapitisha kidole kwa ndani, kutoka pembe hadi pembe, na ukucha wake ulikuwa mrefu. Wakampa Dukhani kioo. Alijitazama, akageuza shingo huku na huku, akacheka peke yake.

"Bado nipo," alisema.

Alasiri, saa ya matone ilipofika, Nirjala alifuta weusi wa pembeni kwa pamba na kutia dawa kama kawaida. Hakusema neno. Huenda lisitokee lolote, alijipa moyo.

*

Siku tano halikutokea lolote. Ya sita Dukhani alisema jicho linamkata. Jioni likawa jekundu. Bisheshwar, mume wa Nirjala, alikwenda duka la dawa la njia panda, akarudi na kichupa cha rupia mia moja na ishirini. Muuzaji alimwambia kinaondoa wekundu usiku mmoja. Kweli wekundu ulipungua, wote wakalala kwa amani isipokuwa mtu mmoja.

Kesho yake asubuhi Dukhani alikaa uani akigeuza kichwa.

"Nani anachoma majani?"

"Hakuna anayechoma, Mama," Ranju alisema.

"Mbona moshi?"

Nirjala alikuwa anapepeta dengu. Ungo ulimsimama mikononi. Alijua hapo hapo, na hata hapo hapo hakusema. Akiulizwa leo kwa nini, atajibu kwamba aliogopa. Lakini kabla ya woga kulikuwa na kitu kingine kidogo, kibaya, ambacho hakumaliza kukifikiri: kwamba sasa atauhitaji mkono tena.

Siku ya tatu ya maumivu kope ilivimba mpaka jicho likafunga. Dukhani hakula. Tetari aliitwa kwa simu, akafika bado hajafunga nywele, akaliona jicho, akasimama wima katikati ya ua.

"Nani anatia matone humu?"

Ranju akamtazama Nirjala.

"Nauliza kama mgeni. Nani anatia?"

"Unajua ni mimi, wifi," Nirjala alisema.

"Basi."

Neno hilo moja lilitosha. Bisheshwar alimgeukia mkewe, na mbele ya dada yake, baba yake, Ranju na jirani mmoja aliyekuja kuazima chumvi, akamwuliza, "Ulikuwa unanawa mikono?"

Mara sita kwa siku, siku kumi na sita. Nirjala aliitazama mikono yake, ngozi imebabuka kwa sabuni, akaificha chini ya sari.

*

Daktari Karn wa hospitali ya macho alikuwa mwanamke mfupi, miwani juu ya kichwa, anazungumza lugha yetu kama mtu wa nyumbani na hana subira ya mtu wa nyumbani. Alimkalisha Dukhani na kumwonyesha mkono.

"Vidole vingapi, mama?"

"Vidole gani?"

Akawasha tochi. "Na hii?"

"Mwanga upo. Unatoka huku."

Daktari akamweka kidevu kwenye mashine, akachungulia. Alichungulia kwa muda mrefu. Kisha akampaka kitu cha baridi juu ya kope, akapitisha kifaa, na kwenye skrini kukaonekana mawingu mahali palipotakiwa kuwa peusi.

"Usaha umetulia chini, mbele ya jicho," alisema. "Na nyuma kumejaa. Hili si jicho jekundu la vumbi. Maambukizi yako ndani kabisa, na ndani hakuna matone yanayofika. Lingine limekufa, sivyo?"

"Limekufa," Bisheshwar alijibu.

"Basi hili ndilo pekee. Tusipoteze muda. Ana sukari?"

"Hana."

"Kidonda mguuni? Homa, jipu, jino bovu? Wakati mwingine vijidudu hutoka mwilini vikafika kwa njia ya damu."

"Hana."

"Kachomwa na mpunga, mwiba, kucha ya mtoto?"

"Hapana."

"Hiki nini?" Alikuwa ameshika kichupa cha njia panda. Bisheshwar alieleza. Daktari alikitupa kwenye ndoo. "Hiki kinafukuza wekundu na kumlisha mdudu. Matone yetu anatia nani?"

"Huyu," Tetari alisema kabla Nirjala hajafungua mdomo. "Mwulize vizuri, daktari. Anatia yeye peke yake, hataki mtu aguse. Na mwenyewe ana..."

"Ana nini?"

Tetari alisita. "Hana mtoto."

"Hilo si ugonjwa wa macho," daktari alisema. "Wewe. Leta chupa. Nionyeshe unavyotia."

Nirjala alinawa kwenye beseni lao. Alisugua kidole kimoja kimoja, chini ya kucha, nyuma ya kiganja. Alishika chupa kwa umbali wa upana wa kidole, ncha haikugusa kope wala ngozi. Daktari aliikagua ile ncha kwenye taa.

"Nitaipima, lakini nakwambia mapema sitarajii kuona kitu. Nesi wangu hatii vizuri kiasi hiki."

Bisheshwar aliinamisha macho. Tetari alishika mkoba wake. Nirjala alikuwa amesafishwa mbele ya wote, na angeweza kuishia hapo. Alikuwa amengoja miaka kumi na miwili mtu mwenye cheo aseme neno jema juu yake kwenye chumba chenye wifi yake.

Lakini daktari alikuwa bado anaongea. "Sasa nisikilizeni. Nitachoma sindano nyembamba ndani ya jicho, nitoe maji. Nitapata matone mawili, pengine matatu. Siwezi kuyatafutia kila kitu cha dunia hii. Vijidudu vya kawaida ninavipima kwa njia yake na vina dawa yake. Ukungu una njia nyingine na dawa nyingine. Nikikosea, nitajua baada ya siku nne, na siku nne jicho hili halina. Kuna kitu chochote kilichoingizwa humu ambacho sijatoa mimi?"

"Hakuna," Tetari alisema.

"Mama?"

Dukhani alikuwa amekaa mikono mapajani. Alijua vizuri kabisa. Aliligeuza lile jicho lililofungwa upande wa sauti ya binti yake, aliye na mama mkwe wake mwenyewe, na kijiji chake, na ulimi wa watu wa huko.

"Hakuna, mwanangu," alisema. "Nani atie kitu?"

Hapo Nirjala alihisi kitu kikimpanda kifuani ambacho ni wivu ule ule, safari hii bila kificho. Alimwona mama mkwe akilitoa jicho lake la pekee ili Tetari asisemwe. Yeye alipoulizwa kama alinawa mikono, Dukhani hakutoa hata sauti. Akasema. Kama alisema kwa wivu au kwa huruma, hajui mpaka leo.

"Ni wanja."

Tetari aligeuka. "Wifi."

"Ni wanja, daktari. Siku nane zilizopita. Wa siku ya sita ya mtoto. Alitiwa ndani ya kope, kwa kidole."

"Anasingizia," Tetari alisema. "Anatafuta wa kumtwika lawama. Daktari, huyu..."

"Nyamaza kidogo," daktari alisema. "Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Na nesi alipokataza wanja?"

"Nilikuwepo pia. Ni mimi peke yangu niliyesikia. Hawa hawakujua."

"Ukawaambia?"

"Sikuwaambia."

Bisheshwar alitamka jina la mkewe taratibu. Nirjala hakumtazama. Alikuwa ameanza, na kilichobaki ndicho kizito zaidi, na alijua kwamba asipokitoa sasa hatakitoa tena.

"Na kikebe kilikuwa kichafu. Kilikuwa na ukungu ndani, nimeuona kwa macho yangu. Huisugua mikono hii kila siku, daktari, lakini kikebe sikukisugua. Nilikipangusa nikampa."

Tetari alifungua mdomo, na labda kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakikutoka kitu. Dukhani alikaa vile vile, ila mikono yake ilikuwa imeshikana.

Daktari aliandika. "Kikebe kiko wapi?"

"Juu ya boriti," Nirjala alisema.

"Kifuatwe sasa hivi, kama kilivyo, msikiguse ndani. Na mtoto aletwe nimwone."

"Mtoto anaumwa?" Bisheshwar aliuliza.

"Pengine hana kitu. Jicho lake halina mlango. La mama lilikuwa nao wazi."

*

Kwenye kioo, chini ya hadubini, yalionekana matawi membamba yaliyopindana. Daktari alimwita Nirjala peke yake na kumwonyesha, akitumia ncha ya kalamu.

"Ukungu. Na wa kikebe ni jamii hiyo hiyo. Nimeshamchoma dawa yake ndani ya jicho. Kesho nitaingia nioshe usaha wa nyuma." Akavua miwani. "Sikupi pole wala sikulaumu, mimi nakupa hesabu. Ungesema siku ya wanja, tungeliosha, akaenda nyumbani. Ungesema siku ya moshi, ningekuwa na matumaini zaidi. Usingesema leo, wiki ijayo ningelitoa jicho zima. Nenda kakae naye."

Nirjala alikwenda. Wodi ilikuwa ndefu, kila kitanda na bandeji yake. Ranju alikuwa amekuja na mtoto, na mtoto hakuwa na kitu; alikuwa amekaa mwisho wa benchi akimnyonyesha, akatupa jicho mara moja tu na kusogea kumpa nafasi.

"Dada, kaa," alinong'ona. "Mimi nilidhani umenichukia tangu siku ya kwanza."

"Nilikuchukia," Nirjala alisema, na akakaa.

Ranju alifikiri kidogo. "Afadhali umesema. Nilikuwa nadhani ninaota."

Dukhani alikuwa amelala chali. Alisikia hatua, akajua ni za nani.

"Ulikiona kile kikebe."

"Nilikiona, Mama."

"Na ukaniona nikitiwa."

"Nilikuona."

"Mbona hukusema?"

Huku kwetu lile neno husemwa juu ya mtu mwingine tu. Hakuna anayelisema juu ya nafsi yake, hata akishikwa mkono ndani ya chungu. Nirjala alilisema.

"Nilikuwa na wivu."

"Wa mtoto?"

"Wa mkono wako. Ulipopona uliacha kunishika."

Dukhani aligeuza uso ukutani. Bandeji ilikuwa imelowa pembeni, na daktari alikuwa amemkataza kulia.

"Na mimi nilidanganya," alisema mwishowe. "Nilimficha binti yangu. Nilikuacha usemwe wewe na mikono yako. Basi tumelipofua wote, hakuna wa kumnyooshea mwenzake kidole." Alimeza mate. "Lakini lako lilianza."

"Ndiyo, Mama."

*

Siku ya kumi na tatu ya kulazwa walimruhusu. Jicho lilikuwa limebaki, na ndani yake kulibaki kitu kidogo: mwanga, kivuli cha mtu dirishani, mkono ukipungwa karibu na uso. Pua ya mtu haikuwemo. Daktari alisema labda litaongezeka kidogo, labda halitaongezeka, na lile "labda" la pili alilisema kwa sauti ya chini zaidi.

Getini Bisheshwar alikwenda kutafuta bajaji. Tetari alikuwa amekuja kumpokea mama yake. Hakuwa amevaa zile bangili, na wala hakuwa na utani. Alinyoosha mkono, akasema, "Nishike, Mama."

Dukhani alisimama juani, kichwa ameinamisha kama mtu anayesikiliza maji.

"Nirjala yuko wapi?"

"Niko hapa."

Mkono ukaja, ukapapasa hewani, ukakipata kifundo, ukakishika pale pale pa zamani. Nirjala alifurahi. Ilikuwa furaha ya kweli, na nyuma yake tu ikaja aibu ya kufurahia kitu kama kile, mahali kama pale, kwa bei kama ile. Vyote viwili vikatembea naye hadi kwenye bajaji.

Walipokaa, Dukhani alisema, akiwa bado amekishika, "Mkono wako ninaujua. Utaniongoza wewe, kama zamani. Lakini matone atatia Ranju."

Bajaji iliwashwa.

Alasiri ile, uani, Dukhani alilala chali kwenye kitanda cha kamba. Hakuita jina la mtu. Nirjala ndiye aliyejua saa, akasema imefika, akatoka na ndoo na sabuni. Ranju alimlaza mtoto, akakunja mikono ya blauzi na kuchuchumaa. Nirjala akamimina maji juu ya viganja vyake, taratibu yasije yakaisha, akitazama povu.

"Na chini ya kucha," alisema. "Kidole gumba umekiruka."

Ranju akanawa tena.